Six Sigma, Kaizen au chati ya udhibiti: uanze na ipi kwenye kampuni yako?

Simu za namna hii huwa nyingi Januari, mipango ya mwaka ikiwa bado mibichi. Mtu anasaga na kufungasha unga Arusha, au anakaanga kahawa Moshi, au ana kampuni ya utalii yenye magari kumi na mawili. Malalamiko ya wateja yamemchosha, na ameamua kwamba mwaka huu kazi itaboreshwa kwa takwimu, basi kubahatisha. Mmoja amemwambia aingize Six Sigma. Mwingine amemwambia Kaizen ndiyo inayoyafaa mazingira yetu. Kijana wake aliyemaliza chuo cha ufundi anasema wachore chati tu. Swali linalofuata ni lile lile: nianze na ipi?

Sijawahi kulijibu kwa neno moja. Nilisimamia ubora kwa miaka kadhaa katika kiwanda cha kufungasha unga hapa Arusha, na baadaye nikasaidia wengine, na njia zote tatu nimeziona zikifaulu na nimeziona zikifa. Kila mara kilichoamua ni hali ya kampuni siku ile njia ilipoingia. Kwa hiyo nitaanza na maswali ya kuchagulia, kisha niziweke njia tatu sambamba chini ya maswali hayo hayo.

Maswali matano ya kuchagulia

La kwanza: tatizo lako ni la aina gani? Linaonekana kwa macho na hakuna anayelishughulikia, au kazi inayumba leo hivi kesho vile, au kuna kasoro ambayo kila mtu ana maelezo yake na hakuna mwenye uhakika? La pili: una takwimu gani leo, si zile unazotarajia kuwa nazo. La tatu: nani atashika kalamu, na atapewa saa ngapi kwa wiki? La nne ni fedha. La tano, ambalo watu hulisahau: njia hiyo kwa kawaida hufia wapi, na kwako wewe mahali hapo pakoje?

Njia zenyewe, kwa ufupi

Six Sigma ilizaliwa katika kampuni ya Motorola, Marekani, 1986, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni mhandisi Bill Smith. Ilivuma zaidi baada ya Jack Welch, mkuu wa kampuni ya General Electric, kuiingiza huko 1995. Sigma ni herufi ya Kigiriki ambayo wanatakwimu huitumia kwa kipimo cha mtawanyiko, yaani vipimo vyako vimetapakaa kiasi gani kuzunguka wastani. Lengo lake maarufu ni kasoro 3.4 katika nafasi milioni moja za kukosea. Kazi hufanywa kwa miradi, na kila mradi hupita hatua tano: kufafanua tatizo, kupima, kuchambua sababu, kuboresha, na kudhibiti ili tatizo lisirudi. Wanaoiongoza hupewa mikanda kama ya karate, wa kijani kwa mwenye ujuzi wa kati na mweusi kwa mbobezi.

Kaizen ni neno la Kijapani lenye maana ya uboreshaji. Ni hatua ndogondogo za kila siku, zinazofanywa na wale wale wanaofanya kazi. Mlango wake wa kawaida ni S tano, ambazo kwetu zimepata Kiswahili kizuri: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hospitali zilitangulia, kwani Wizara ya Afya ilianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya 2007. Viwandani, wizara husika ilianza mradi wa Kaizen 2013 kwa ushirikiano na JICA, shirika la maendeleo la Japani.

Chati ya udhibiti ndiyo kongwe kuliko zote. Walter Shewhart aliichora 1924 akiwa katika kampuni za simu za Bell, Marekani. Unapima sampuli ndogo kila baada ya muda, unaweka nukta kwenye karatasi, na mistari miwili inakuonyesha kama ulichokiona ni kuyumba kwa kawaida kwa kazi ile au kuna kitu kigeni kimeingia. W. Edwards Deming, mwanatakwimu wa Marekani, alikwenda kuwafundisha Wajapani mambo haya 1950, kwa hiyo hata Kaizen ina damu ya Shewhart ndani yake.

Wapo wanaoiweka ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, katika orodha hii. Mimi naiacha nje. ISO 9001 inakudai uwe na mfumo unaokaguliwa na unaoboreshwa, lakini haikuchagulii njia ya kuboresha. Mwenye cheti chake anaweza kutumia yoyote kati ya hizi tatu.

Kabla ya kuchagua, fungua daftari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoona fedha nyingi zaidi zikipotea.

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilionyeshwa daftari la uzito. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari kando ya mizani, kalamu imefungwa kwa uzi wa gunia. Tulikuwa tukifungasha mifuko ya kilo 2, na kila saa mfuko mmoja ulipimwa kwa gramu. Nikafunua kurasa za wiki tatu. 2,000. 2,000. 2,005. 2,000. 2,000. Safu nzima, mwandiko mzuri, hakuna hata namba moja iliyoanzia na 1,9. Unga hauna tabia hiyo. Unga huja mkavu asubuhi, huja na unyevu masika, hushuka kwa kasi pipa likijaa na hukwama likikaribia kuisha.

Nikamuuliza dada aliyekuwa akipima, "Dada, hii mizani haijawahi kusoma 1,990?"

Aliangalia kwanza mlango wa ofisi. "Inasoma, kaka. Ila siku niliyoandika 1,985 nilikatwa nusu siku."

Tulizungumza na meneja, naye nampongeza mpaka leo, maana alikubali jambo gumu: kwa wiki sita hakuna mtu atakayekatwa hata senti kwa sababu ya namba aliyoiandika. Wiki iliyofuata daftari lilikuwa na namba kuanzia 1,978 hadi 2,041. Meneja alishika kichwa. Mimi nilifurahi, kwa kuwa sasa tulikuwa na kitu cha kufanyia kazi. Deming, katika mambo yake 14 kwa viongozi, aliweka la kuondoa hofu kazini, na watu hulisoma kama wema tu. Kwa mtu wa takwimu ni suala la vipimo. Penye hofu mizani inasoma kimoja na daftari linaandika kingine.

Baada ya watu, kagua vifaa. Weka jiwe la mizani lililothibitishwa, soma. Pima mfuko ule ule mara kumi, watu wawili tofauti, kinu kikiwa kimezimwa na kikiwa kinafanya kazi. Sisi tuligundua kwamba meza ya mizani ilikuwa ikitetemeka kinu kikiwaka, na mfuko mmoja ulisoma tofauti ya hadi gramu 12 bila mtu kuugusa. Tukaihamishia mizani kwenye nguzo ya zege, ikatulia. Anayetumia kipimajoto naye akumbuke tulipo. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi, iliyo chini zaidi, ni kama 97. Nimewahi kumwona kijana akitupa kipimajoto kizima kwa sababu hakikufika 100.

Ukishakuwa na namba za kweli, hata za wiki mbili tu, ndipo ulinganisho ufuatao utakuwa na maana kwako.

Aina ya tatizo

Kaizen ni hodari kwa yale yanayoonekana. Fundi wetu alikuwa akizunguka karakana nzima kutafuta spana namba 13 kila mashine ya kufungasha ikisimama. Tulipoanza S tano tulitoa stoo mashine tatu mbovu za kuziba mifuko, marundo ya mifuko yenye chapa ya zamani, na mapipa ambayo hakuna aliyejua yaliletwa lini. Umbo la kila spana likachorwa ukutani kwa rangi. Isiyorudishwa inaonekana kwa macho kabla zamu haijaisha. Hakuna takwimu ngumu hapo, na muda uliookolewa ulikuwa mkubwa.

Chati inafaa pale kazi ni ile ile saa zote na tatizo ni kuyumba: uzito, ujazo, unyevu wa kahawa, joto la tanuri, urefu wa kitambaa.

Six Sigma hulipa penye kasoro yenye wazazi wengi. Kwetu ilikuwa mifuko kuachia kwenye mshono. Mnunuzi alisema plastiki ni mbovu. Msambazaji wa plastiki alisema mashine. Fundi alisema wafungaji ni wavivu. Wafungaji walisema vumbi la unga linaingia kwenye mshono. Mabishano yalidumu miezi miwili, na kila mmoja alikuwa na mfano wa kuonyesha. Tulipofuata hatua tano, tukaandika kila mfuko ulioachia pamoja na saa, zamu, mashine na rola ya plastiki, picha ikajitokeza: sehemu kubwa ilitokea kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, kwa mashine zote, kwa plastiki zote, kwa zamu yoyote. Ndizo saa ambazo umeme eneo letu hupungua nguvu, na vyuma vya kuzibia vilikuwa havifiki joto. Vumbi lilichangia kidogo. Uvivu haukuchangia. Wafungaji wale walikuwa wamelaumiwa mwaka mzima.

Takwimu zinazohitajika

Kaizen inaanza na vijiti. Vinne vya kusimama, cha tano kinakatiza, chini ya kila aina ya kasoro. Mwisho wa wiki unapanga kuanzia wingi hadi uchache, na mara nyingi aina mbili au tatu zinabeba mzigo mkubwa. Kampuni ya utalii inayopeleka safari 40 kwa mwezi haina takwimu za kutosha kuhesabu sigma yoyote ya maana, lakini vijiti vinaitosha: gari kuharibika njiani, chakula cha njiani kusahaulika, mgeni kusubiri uwanja wa ndege wa KIA, barua pepe ya bei kuchelewa kujibiwa.

Chati inataka zaidi kidogo, na ningependa uione ikifanya kazi. Kila saa chukua mifuko mitano inayofuatana. Tuseme imesoma 1,996, 2,008, 2,013, 2,001 na 2,012. Wastani ni 2,006. Tofauti ya mkubwa na mdogo ni 17. Ukishapata sampuli kama 25, tafuta wastani wa zile wastani zote, tuseme 2,010, na wastani wa tofauti, tuseme 20. Kwa sampuli za vipimo vitano kuna namba ya kwenye jedwali la chati hizi, 0.577. Zidisha kwa 20, unapata kama 11.5. Mstari wa juu unakuwa 2,021.5, wa chini 1,998.5. Wastani wa sampuli ukibaki ndani, na nukta hazijipangi kwa mtindo fulani kama kupanda mfululizo, usiguse mashine. Ukitoka nje, simama utafute.

Sasa angalia kitu ambacho meneja wetu hakukiamini mpaka nilipokihesabu mbele yake. Gawanya ile 20 kwa 2.326, namba nyingine ya jedwali, unapata mtawanyiko wa mifuko mmoja mmoja: gramu 8.6 hivi. Wastani ni 2,010, uko juu ya kilo 2, kila mtu ameridhika. Lakini kwa mtawanyiko huo, kama uzito umetapakaa kwa umbo la kengele, yaani mifuko mingi karibu na wastani na michache mbali nao, takriban mifuko 12 katika kila 100 ina upungufu. Wakati huo huo unatoa bure gramu 10 kwa mfuko, na kwa mifuko 5,000 kwa siku hiyo ni kilo 50 za unga. Unapunja na unagawa kwa wakati mmoja. Wakala wa Vipimo akija ataangalia ile 12; zile kilo 50 hakuna atakayekuja kukuambia. Na kuongeza unga si dawa. Ukipunguza mtawanyiko nusu na kuacha wastani pale pale, mifuko yenye upungufu inashuka hadi kama mmoja katika 100.

Jambo moja la kuangalia: mistari ya chati hutoka kwenye kazi yako, haitoki kwenye lebo. Usichore kilo 2 kama mstari wa chini. Ni makosa ya kawaida, nayo huiharibu chati nzima.

Six Sigma inahitaji takwimu nyingi zaidi, na zilizopangwa kwa kugawanyika: kwa zamu, kwa mashine, kwa msambazaji, kwa saa. Ile 3.4 katika milioni isikutishe wala isikuvutie. Kiwanda cha mifuko 5,000 kwa siku kinahitaji siku 200 za kazi kufikisha mifuko milioni moja. Kwa ngazi zake, sigma tatu ni kasoro 66,807 katika milioni na sigma nne ni 6,210, na kupanda ngazi hiyo moja tu ni kupunguza kasoro zaidi ya mara kumi. Kwa viwanda vyetu vingi hiyo ni kazi ya maana ya miaka. Mfano wangu wa juu wa mifuko 12 katika 100 uko kati ya sigma mbili na tatu.

Watu na muda

Chati inaomba mtu mmoja kila zamu, dakika tano hadi kumi kila saa, na kikokotoo cha simu. Kuwafundisha wenzetu kuchora kulichukua siku mbili. Kuwafundisha wasiguse mashine nukta ikiwa ndani ya mistari kulichukua miezi.

Kaizen inaomba kila mtu kidogo kidogo, robo saa kabla ya zamu, na inaomba muda wa bosi kuliko watu wanavyodhani. Mfanyakazi akitoa pendekezo likakaa wiki tatu bila jibu, hatatoa jingine. Jibu la "hapana, kwa sababu hii" linatosha kumfanya aendelee.

Six Sigma inaomba mtu mahususi. Mkanda wa kijani kwa kawaida ni mafunzo ya wiki mbili hivi, naye hufanya mradi huku akiendelea na kazi yake. Mkanda mweusi ni kama wiki nne zilizotawanywa katika miezi kadhaa, na kampuni kubwa humwondolea majukumu mengine yote. Cheti makini hakitolewi kwa mtihani peke yake: ASQ, chama cha ubora cha Marekani, kwa mkanda mweusi, hudai miradi miwili iliyokamilika, au mmoja pamoja na uzoefu wa miaka mitatu. Anayekuuzia mkanda mweusi kwa siku tano bila mradi, muulize mradi uko wapi. Mradi wa kweli huchukua miezi minne hadi sita. Kiwanda cha watu 30 kikimtoa mtu mmoja mzima kwa muda huo, kimemtoa mmoja kati ya watatu au wanne wanaoijua mashine.

Fedha

Chati: mizani nzuri, karatasi za miraba, kalamu. Kaizen: rangi ya sakafu, mbao za rafu, muda wa vikao. Six Sigma: ada, nauli na malazi kama mafunzo ni Dar es Salaam au Nairobi, na mshahara wa mtu ambaye hayuko mashineni. Programu maalumu za takwimu zipo, lakini kwa mradi wa kwanza Excel inatosha.

Ushauri wangu kwa njia zote ni kuliandika tatizo kwa shilingi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Chukua zile kilo 50 kwa siku, zidisha kwa bei yako ya jumla na kwa siku zako za kazi. Kama jibu ni dogo kuliko ada ya mafunzo, umeshapata jibu.

Inapofia

Chati hufa kwa kuchezewa. Nilimkuta fundi, mtu mwangalifu na anayeipenda kazi, anapima kila mfuko na kuzungusha skrubu ya kujazia: umepungua gramu 8, anaongeza 8, umezidi 6, anapunguza 6. Alijiona anasahihisha. Ukifuata kanuni hiyo kwenye mashine iliyotulia, mtawanyiko unaongezeka kwa asilimia 41 hivi, kwa sababu unajumlisha kuyumba kwa mfuko uliopita juu ya kuyumba kwa huu. Nilimwomba aiache mashine saa mbili bila kuigusa, tukaweka nukta pamoja. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo mzee, miaka yote hii nilikuwa naiyumbisha mimi?" Sikujisikia vizuri kumwona vile. Alikuja kuwa mchoraji bora kuliko sisi wote.

Hufa pia kwa kutofuatiliwa. Chati inasema saa 8 mchana kitu kilibadilika. Haisemi ni nini. Mara moja ilikuwa umeme kukatika na kurudi, na mifuko ya kwanza baada ya hapo ikawa mizito, kwa kuwa unga ulikuwa umejazana juu ya mlango wa kujazia. Tulijua kwa sababu mpimaji aliandika pembeni ya nukta, kwa penseli, "umeme". Neno moja kama hilo ndilo linaloipa chati uhai.

Kaizen hufia kwenye S ya tano. Sasambua na safisha hufanywa kwa wiki moja ya shangwe, wageni huja, picha hupigwa. Miezi sita baadaye rangi ya sakafu imefutika na pipa lisilo na mwenyewe limerudi. Udhaifu wake mwingine ni kwamba inaweza kuboresha mambo mengi bila kujua lipi lilisaidia. Hili si kosa la Kaizen yenyewe, maana Wajapani walioikuza walikuwa watu wa takwimu, na vikundi vyao vya ubora viwandani, vilivyoanza 1962, vilifundishwa kupima. Ni kosa la namna tunavyoichukua nusu nusu.

Six Sigma hufa mwenye mkanda anapoondoka. Kampuni imemsomesha, mradi mmoja umekwisha, kapata kazi Dar es Salaam, na faili zimebaki kwenye kompyuta ambayo hakuna anayejua neno la siri. Hufa pia kwa mradi mpana kupita kiasi: "kupunguza malalamiko ya wateja" hauishi, "kupunguza mishono inayoachia kwenye mifuko ya kilo 2" unaisha. Na kuna mahali haifai kulazimishwa. Kampuni ya 3M ya Marekani iliiingiza kwa nguvu kuanzia 2001 chini ya James McNerney, aliyetoka General Electric. Aliyemrithi, George Buckley, akaja kuilegeza kwa watafiti, kwa kuwa kazi ya kubuni kitu kipya haitabiriki kama kazi ya kiwandani. Mkaangaji wa kahawa wa Moshi anayejaribu ladha mpya afanye majaribio yake huru. Takwimu zimngojee kwenye kahawa aliyokwisha kuamua kuiuza kila wiki.

Kwa hali yako

Kama daftari lako ni safu ya namba zinazofanana, usianze njia yoyote bado. Tenga wiki sita za kuandika ukweli bila adhabu, kagua mizani, kisha rudi kwenye maswali ya juu.

Kama ni karakana, hoteli ndogo, duka la mafundi au kampuni ya utalii, kazi zinabadilika kila siku na kasoro zinahesabika kwa vidole, Kaizen ndiyo inayokuelewa. Anza na eneo moja, si kampuni nzima, na chagua siku ya wiki ambayo bosi mwenyewe atapita kuangalia. Ongeza vijiti tangu siku ya kwanza ili baada ya miezi mitatu uwe na cha kulinganisha.

Kama unajaza, unafungasha, unakausha au unapika kitu kile kile kwa maelfu, na umeshakuwa na mizani inayoaminika, chati moja kwenye mashine moja itakulipa mapema. Chagua kipimo kinachogharimu zaidi. Usichore kumi kwa mpigo.

Kama una watu zaidi ya mia, idara zinazorushiana lawama, na kasoro moja ghali iliyoshindikana mwaka mzima, hapo Six Sigma inastahili ada yake. Somesha wawili wa mkanda wa kijani badala ya mmoja wa mweusi, ili mmoja akiondoka mwingine abaki, na waende mafunzoni wakiwa na mradi uliokwisha kuchaguliwa.

Kama mteja wa nje au mnunuzi mkubwa ndiye anayekudai, muulize kwa maandishi anataka nini hasa. Mara nyingi utakuta anataka kumbukumbu za vipimo zinazofuatilika kwa kila shehena, na chati zilizotunzwa vizuri zinamtosha.

Na kama ada ya Six Sigma imeshalipwa na mwenzako tayari yuko darasani, mpigie simu leo. Mwombe hatua ya pili, ile ya kupima, aifanyie hapa nyumbani, kando ya mashine, pamoja na yule anayeshika kalamu kila saa.